Uko 25 na Sura Inasoma 40? Venye Sahani na Glasi Zinazeesha Ngozi, na Venye Ayurveda Inasema

Kila mtaa iko na yule msee. Mlimaliza fom fo pamoja, lakini leo mkisimama stendi ya Webuye makanga anamwita "mzee" na wewe anakuita "bro". Wengine watasema ni stress, wengine watasema ni damu ya kwao. Wachache sana watauliza swali la maana: huyu msee hukula nini, na hukunywa nini Ijumaa mpaka Jumapili?

Hapa tumekuwekea kila kitu mahali pamoja: venye ngozi inazeeka, pombe inafanya nini, sukari inafanya nini, Ayurveda ya Wahindi inasema nini, na kitu gani kiko soko ya Lugulu kinaweza kusaidia bila kumaliza doo yako. Iko pia sehemu moja ya ugonjwa ambao watu wengi wanadhani ni uzee ama uchawi, na kumbe dawa yake ni rahisi. Hiyo usiiruke.

Kwanza, ngozi inazeeka aje?

Ngozi ya juu, ile unaona kwa kioo, hujibadilisha yenyewe. Ukiwa kijana inachukua kama wiki nne kujifanya upya, na ukizeeka inakuwa slo. Chini yake kuna tabaka lingine limejaa vitu viwili: kolajeni na elastini. Fikiria hema la harusi. Kolajeni ni zile kamba zinashikilia hema isianguke, elastini ni ule mpira unairudisha mahali pake upepo ukipita. Kutoka miaka ya 20 hivi, kolajeni inapungua karibu asilimia 1 kila mwaka. Hiyo ni ya kila mtu, hata influensa unayemfuata TikTok.

Kitu kinatofautisha watu ni spidi. Na tuseme ukweli mapema: vitu viwili vinavyozeesha ngozi sana kuliko chakula ni jua na sigara. Lugulu iko chini ya digrii moja kutoka ikweta, na ukipanda na barabara mpaka Kitale unafika karibu mita 1,900 juu ya bahari. Huko hewa ni baridi, lakini jua linachoma, kwa sababu miale yake hupita hewa nyembamba. Msee wa boda anakaa nje kutoka asubuhi mpaka jioni bila kofia, uso wake unalipa.

Melanini, ile rangi nyeusi yetu, inatukinga. Ndio maana kwa ngozi nyeusi makunyanzi hukawia kuliko kwa wazungu. Lakini uzee unakuja na njia zingine: madoa meusi, rangi ya uso isiyo sawa, mifuko chini ya macho, mashavu kushuka, ngozi kukauka na kukosa mng'ao. Hapo ndipo sahani na glasi zinaingia.

Keroro: wacha tupige hesabu

Mwaka 2019 kulichapishwa utafiti uliowaangalia wanawake 3,267 kutoka Marekani, Canada, Uingereza na Australia. Wale waliokuwa wanakunywa vinywaji 8 ama zaidi kwa wiki walikuwa na mistari mingi zaidi sehemu ya juu ya uso, macho yamefura chini, mashavu yamepungua nyama, na vimishipa vimeonekana usoni. Utafiti kama huo hauwezi kusema pombe peke yake ndiyo ilifanya hayo yote, lakini picha iko wazi.

Sasa, vinywaji 8 ni ngapi kwa lugha ya mtaa? Kinywaji kimoja cha kipimo cha Marekani ni gramu 14 za alkoholi. Cheki hii:

- Tusker moja ya 500ml, asilimia 4.2: gramu 16 na nusu hivi.
- Kwota ya 250ml ya asilimia 40: gramu 79. Hiyo ni karibu Tusker 5.
- Mzinga wa 750ml wa asilimia 40: gramu 237. Hiyo ni Tusker 14.

Vinywaji 8 vinatoka kama gramu 112, yaani chini kidogo ya chupa 7 za Tusker kwa wiki. Mkigawana mzinga mmoja wawili usiku wa Jumamosi, kila mmoja wenu amepita kipimo cha wiki nzima kabla ya nyama choma kuiva. Na bado Jumapili kuna ya kutoa loku.

Pombe inafikia ngozi kwa njia tano:

1. Inakausha. Kuna homoni inaambia figo zishike maji. Pombe inaizima, ndio maana unaenda choo kila saa. Asubuhi midomo imepasuka na uso umekauka.
2. Inafungua mishipa. Damu inajaa usoni, uso unafura. Ukirudia kila wikendi kwa miaka, ule mfuro unazoea kukaa.
3. Inaharibu usingizi. Ulilala, lakini ni usingizi wa juu juu. Ngozi hufanya marekebisho mengi usiku, na wewe umeinyima huo muda.
4. Inachosha ini. Ini ndilo stoo ya vitamini A, ile ngozi inahitaji kujijenga. Mlevi wa kila siku stoo yake inaisha.
5. Inachukua nafasi ya chakula. Hii ndiyo mbaya zaidi na ndiyo watu huongelea kidogo. Msee akishapiga glasi saa kumi na moja, supper imeenda. Anashiba kalori ambazo ndani yake hakuna protini wala vitamini.

Busaa na chang'aa je?

Lugulu inajulikana kwa Kanisa la Friends, wale Quakers waliofungua misheni yao ya kwanza Kaimosi mwaka 1902. Hospitali yao ya misheni iko hapo hapo Lugulu. Kanisa hilo limekataa pombe tangu siku za kwanza. Lakini upande mwingine, kwa Wabukusu busaa ni kitu cha heshima: wazee wanakaa wakizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, wakiongea mambo ya mahari, matanga na tohara. Kwa hivyo kijana wa huku amekua katikati ya sauti mbili, moja inasema pombe ni dhambi na nyingine inasema ni mila.

Kwa upande wa ngozi, busaa na chang'aa si kitu kimoja. Busaa ni unga wa mahindi uliochachishwa, ukakaangwa, kisha ukawekwa kimea cha wimbi. Alkoholi yake iko karibu na ya bia, na bado ina mabaki ya nafaka ndani. Mzee akipiga kikombe kimoja kwa sherehe mara moja kwa mwezi, uso wake hauna shida. Chang'aa inapikwa na kuvukizwa mpaka inabaki kali, mara nyingi zaidi ya asilimia 30, na kila kilicho chakula kimebaki kwa mtungi.

Sheria ya 2010 iliruhusu chang'aa, lakini tu ile imetengenezwa na mwenye leseni na kufungwa kwa chupa. Ile ya kupimiwa na kikombe huko chini mtoni haiko kwa hiyo sheria. Na shida yake ya kwanza hata si makunyanzi. Ikichanganywa na methanoli, unaweza amka ukiwa kipofu, ama usiamke.

Midomo nyekundu na shingo nyeusi: hiyo si uzee

Watu wa mtaa wana njia yao ya kumjua mlevi wa chang'aa: midomo imekuwa nyekundu, pembe za mdomo zimepasuka, mikono imekuwa myeusi na migumu kama ganda, na shingoni kuna alama nyeusi kama mkufu. Watu wanasema "pombe imemzeesha", wengine wanasema amerogwa.

Mara nyingi mwili unalia kukosa vitamini B. Kukosa riboflavini, ambayo ni vitamini B2, hupasua pembe za mdomo na kufanya midomo iwe nyekundu na iume. Kukosa niasini, ambayo ni B3, huleta ugonjwa unaitwa pelagra.

Pelagra ni rafiki wa vitu viwili: mahindi na pombe. Daktari wa Kihispania, Gaspar Casal, aliielezea mwaka 1735 kwa wakulima maskini waliokuwa wanaishi kwa mahindi, na ule "mkufu" wa shingoni mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Miaka ya 1910 iliua maelfu ya watu kusini mwa Marekani, na wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukizana mpaka Joseph Goldberger akaonyesha ni chakula. Niasini yenyewe ilitambuliwa kuwa tiba mwaka 1937.

Sababu ni hii: mahindi yana niasini, lakini imefungwa kwa njia ambayo tumbo letu haiwezi kuifungua. Watu wa Mexico walijua tangu kale kuchemsha mahindi na chokaa ama majivu, na hiyo inaifungua. Mahindi yaliposafirishwa dunia nzima, ile hekima ya majivu ilibaki nyumbani.

Usianze kuogopa ugali. Bungoma na Trans Nzoia tunakula ugali mchana na usiku na watu wako fiti, kwa sababu kando yake kuna maharagwe, maziwa, omena, kuku, karanga. Shida inaanza ugali ukiwa peke yake na sukuma mbili tatu, halafu pombe ikachukua nafasi ya kile kingine chote.

Dalili za pelagra:

- Ngozi inakuwa nyeusi, ngumu na inapasuka penye jua linafika: shingoni, mikononi, miguuni. Inakuwa pande zote mbili sawa, kama umevaa glavu.
- Kuhara ambako hakuishi.
- Kuchanganyikiwa, kusahau, kuongea vitu haviingiliani.

Ikiachwa inaua. Ikishikwa mapema, inatibiwa na tembe za niasini, na kidonda cha mdomo kinaanza kupoa ndani ya siku chache. Ngozi inachukua wiki kadhaa. Kwa hivyo kama unamjua mjomba wa ocha ambaye mikono yake imekuwa hivyo, mpeleke hosi. Kumcheka ama kumpeleka kwa mganga ni kumpotezea wakati ambao hana.

Sukari: chai, soda na KDF

Hapa hata wale wa Friends hawaponi. Nchi ya miwa tunaipenda sukari. Chai ya asubuhi vijiko vitatu, ya saa nne vijiko vitatu, ya jioni vijiko vitatu, katikati hapo soda na KDF mbili.

Sukari ikijaa kwa damu, inajibandika kwa kolajeni. Fikiria umemwaga soda kwa kamba halafu ikakauka: kamba inakuwa ngumu, ikikunjwa inakatika. Kolajeni ikishashikwa hivyo, mwili hauna njia rahisi ya kuiosha. Ndio maana ngozi ya mtu mwenye sukari ya juu kwa miaka mingi inapoteza ule uwezo wa kurudi mahali.

Mwaka 2013 watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliwaonyesha watu picha za nyuso na kuwauliza huyu ana miaka mingapi. Wale ambao glukosi yao ya damu ilikuwa juu walionekana wazee kuliko wenzao. Kila kipimo kimoja cha glukosi kilipopanda, sura iliongezewa karibu miezi mitano.

Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isipite kama gramu 50 kwa siku, na ukiweza ishushe mpaka 25, yaani vijiko 6 vya chai. Cola ya kawaida ya 500ml peke yake iko na karibu gramu 50. Umemaliza bajeti ya siku na bado hujakunywa chai.

Vitu vya kukaangwa kwa mafuta moto sana, kama chipo, smokie na mandazi, vina zile takataka za sukari na protini zikiwa zimeshatengenezwa kwa sufuria. Mafuta yaliyorudiwa mara kumi ni mabaya zaidi. Chipo mara moja kwa wiki haitakuua. Chipo ikiwa ndiyo supper yako ya kila siku ya kampasi, hiyo ni stori ingine.

Ayurveda ni nini, na inatuhusu aje?

Ayurveda ni tiba ya kale ya Bara Hindi. Kimoja cha vitabu vyake vikuu, Charaka Samhita, kina umri wa karibu miaka 2,000. Usidhani iko mbali na wewe. Wahindi waliokuja na Reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, na wale wenye maduka waliowafuata, walikuja na jikoni yao. Chapati unakula Krismasi, tangawizi kwa chai, manjano kwa mchuzi, zote zimepitia mlango huo. Hata mwarobaini ambao mathe alikuchemshia ukiwa na vipele ni mti wenye asili ya huko, na Ayurveda imeutumia kwa ngozi kwa karne nyingi.

Ayurveda inasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu, zinaitwa dosha:

- Vata, ya upepo: kavu, baridi, nyepesi. Ikizidi, ngozi inakauka na kupata mistari mapema.
- Pitta, ya moto: kali, ya joto. Ikizidi, ngozi inawaka, inapata vipele na madoa.
- Kapha, ya maji na udongo: nzito, laini, ya mafuta. Ikizidi, uso unafura na matundu yanaziba.

Maisha nayo yamegawanywa hivyo. Utoto ni wa kapha, ndio maana mtoto ana mashavu laini. Ujana na utu uzima ni wa pitta. Uzee ni wa vata, mwili unakauka. Kwa hivyo, kwa Ayurveda, kuzeeka mapema ni kuingiza vata kabla ya wakati wake: kukosa usingizi, kuruka chakula, kula vitu vikavu na baridi, kuhangaika bila kupumzika. Soma hiyo listi tena halafu fikiria wikendi yako.

Kuhusu pombe, Charaka anasema ikinywewa kwa njia sawa, kwa kiasi, na chakula, ni kama kinywaji cha miungu, na ikinywewa ovyo ni sumu. Pombe inahesabiwa kuwa kali na ya moto: inawasha pitta na mwishowe inakausha. Pilipili nyingi, vitu vichachu na chumvi nyingi pia viko upande wa pitta.

Penye zinakubaliana, na penye zinakosana

Dosha hazionekani kwa maabara. Hakuna kipimo cha damu cha vata. Lakini ushauri wenyewe, ukitoa majina, mara nyingi unafanana na ule wa daktari:

- Mafuta mazuri kidogo kwa chakula. Ayurveda inapenda samli na ufuta. Sayansi inasema vitamini A ya mboga haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Nyanya zetu waliokuwa wanaweka maziwa ama karanga za kusaga kwa mboga ya kienyeji walikuwa sahihi.
- Kupaka mwili mafuta. Ayurveda inasema ujipake mafuta ya simsim kila siku. Kuzuia ngozi isikauke husaidia kweli, hata ukitumia mafuta ya kawaida ya duka.
- Matunda ya vitamini C. Tunda lao kubwa la kuzuia uzee linaitwa amla. Hatuna amla Lugulu, lakini tuna mapera.
- Chakula kwa saa zake, usingizi kwa saa zake. Hapo hakuna ubishi.

Penye zinakosana: Ayurveda inakataza samaki na maziwa pamoja, inasema mchanganyiko huo unaharibu damu na ngozi. Sasa Western tunapika omena na maziwa na ni tamu. Hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba hiyo inakuzeesha. Kula omena yako. Iko na protini, niasini na mafuta mazuri ya samaki.

Na hapa kuna onyo la kweli. Usinunue unga wala vidonge vya "Ayurveda ya kung'arisha" mtandaoni. Utafiti wa 2004 huko Boston ulipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa madukani, na 14 zilikuwa na risasi, zebaki ama aseniki. Ayurveda ya jikoni haina noma. Ile ya chupa isiyojulikana imetoka wapi inaweza kukuharibia figo ukitafuta uso.

Sahani ya kubakisha ujana, kutoka soko ya Lugulu

- Mapera. Gramu 100 za pera zina kama miligramu 200 za vitamini C, chungwa lina kama 50. Bila vitamini C mwili hauwezi kutengeneza kolajeni. Utafiti wa 2007 kwa wanawake 4,025 wa Marekani wa miaka 40 hadi 74 ulipata kwamba waliokula vitamini C nyingi hawakuwa na makunyanzi mengi kama wenzao. Na pera la huku linaanguka kando ya njia na kuoza.
- Mboga za kienyeji. Mrenda, saga, managu, kunde, terere. Zina vitamini A na C kwa wingi. Usizichemshe mpaka ziwe rangi ya kahawia, vitamini C inakufa na moto.
- Madondo na ndengu. Protini ya bei nafuu, na zinki. Utafiti wa 2001 wa wazee wa Australia, Ugiriki na Sweden ulipata kwamba waliokula mboga, jamii ya maharagwe na mafuta ya zeituni kwa wingi walikuwa na makunyanzi machache penye jua hufika.
- Karanga na simsim. Niasini, vitamini E, mafuta mazuri. Mkono mmoja wa karanga unashinda pakiti ya krisps.
- Parachichi na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Kimoja kina mafuta, kingine kina vitamini A. Zikikaa kwa sahani moja zinasaidiana.
- Maziwa na mala. Riboflavini ya kulinda ile midomo. Trans Nzoia maziwa si shida.
- Yai, omena ama ingokho, kile mfuko unaruhusu. Kolajeni inajengwa na protini.

Maswali mnauliza sana

*Nikikunywa maji lita tatu makunyanzi yataisha?*
Hapana. Maji yanasaidia ngozi ya mtu ambaye alikuwa anakunywa kidogo sana, lakini hayafuti mstari uliokwisha chorwa. Kunywa ukiwa na kiu, na zaidi siku ya jua. Ya uvuguvugu, kama Ayurveda inavyopenda, ama ya baridi, ngozi haijali.

*Waini nyekundu si ni nzuri kwa ngozi?*
Ile kitu nzuri inasemwa iko kwa waini ni kidogo sana kwa glasi. Ungehitaji kunywa nyingi sana kuipata, na alkoholi ingekumaliza kwanza. Zabibu zenyewe ama zambarau ni njia bora.

*Kolajeni ya unga ya Instagram?*
Kuna tafiti zinaonyesha inasaidia kidogo, lakini nyingi zimelipiwa na wanaouza. Kwa tumbo inasagwa kama protini nyingine yoyote. Hata supu ya mifupa haitoki kwa bakuli ikaenda moja kwa moja kwa shavu. Ni tamu na ina protini, basi.

*Manjano kwa chai?*
Ni sawa kwa chakula. Mwili huichukua kidogo sana ikiwa peke yake, pilipili manga inasaidia iingie, na Wahindi wamekuwa wakizichanganya hivyo kwa mchuzi tangu kitambo. Usitarajie muujiza kwa wiki.

*Nikiacha keroro, sura itarudi?*
Sehemu yake. Mfuro wa uso na ukavu vinaanza kushuka ndani ya siku na wiki, ukilala vizuri. Rangi na mng'ao vinachukua muda zaidi. Mistari mirefu na kolajeni iliyokwisha haziwezi kurudi zote. Lakini kama umekuwa ukinywa sana kila siku, usiache ghafla peke yako. Kutetemeka, jasho, kuona vitu havipo na degedege vinaweza kufuata, na vinaua. Ongea na daktari kwanza.

Uanze na nini wiki hii?

Usijaribu kubadilisha maisha yote Jumatatu. Chukua vitu vinne tu:

1. Toa kijiko kimoja cha sukari kwa kila kikombe. Baada ya wiki mbili ulimi utakuwa umezoea, toa kingine.
2. Ukitoka sherehe, kula kabla, chakula cha ukweli chenye protini, na uweke glasi ya maji kati ya kinywaji na kinywaji. Ukiwa chini ya miaka 18, hii si yako hata kidogo, na sheria iko wazi.
3. Pera moja ama tunda lingine kila siku. Mtoto akikuletea kutoka kwa mti, usikatae.
4. Kofia ukiwa kwa jua. Wasee wa boda, mnaskia?

Na ukiona pembe za mdomo hazifungi, ngozi ya mikono imekuwa nyeusi na ngumu pande zote mbili, macho yamekuwa ya njano, ama miguu na tumbo vimeanza kufura, wacha mambo ya mafuta ya kupaka. Hizo ni dalili za ndani, za vitamini ama ini. Ingia hosi yoyote iliyo karibu, umwambie daktari ukweli kuhusu unachokula na unachokunywa, hata kama ni chang'aa. Hawezi kukutibu kwa kubahatisha, na amesikia mabaya zaidi.